Kaka alinisimulia filamu ya Exorcist mwaka 2003, nimeiona juzi. Yule mtoto wa ngazini yuko wapi?

MtotoWaMajengo
Salamu zenu. Mwaka 2003 nikiwa na miaka kumi na moja, kaka yangu alirudi kutoka kibanda cha video kule nyuma ya kwetu Majengo, kimya. Na yeye si mtu wa kimya. Kiingilio shilingi kumi, mimi nimekatazwa. Usiku, ndani ya chandarua, akanipa yote: mtoto wa kike kaingiwa na pepo, shingo inazunguka kama feni, anatapika kijani. Lililonimaliza ni hili: anashuka ngazi kwa mikono na miguu, tumbo juu, mbio kama kaa. Na kwetu choo kiko chini, ngazi hazina taa. Wallahi nilikuwa na chupa yangu ya jusi uvunguni, msiniulize ya nini.

Jumamosi mke alikwenda harusini Kisauni. Nikajipa moyo, laptopu na viazi karai vya ukwaju. Mwanzo ni Iraki, mzee anachimba magofu. Shingo ilipozunguka nilicheka peke yangu. Lakini hospitali! Sindano ya shingoni, damu ikaruka, mashine inagonga tu, na pepo hata hajajitokeza. Kiazi nikakirudisha sahanini.

Ngazi nikazingoja mpaka majina yakaanza kupanda. Hakuna. Kaka alinidanganya miaka yote hii?

Mkanda_Mrefu
Hakukudanganya. Wewe umeona ile ya 1973. Ngazi zilipigwa picha lakini mwongozaji, William Friedkin, akazikata. Kamba zilizomshikilia mchezaji zilikuwa zinaonekana. Mwaka 2000 filamu ikatoka upya, kamba zimefutwa kwa kompyuta na kaa wako karudi. Bila shaka kibandani walikuwa na hiyo.

Halafu spika za laptopu, kaka? Filamu hii ilipata Oscar mbili, moja ya sauti. Ile sauti ya pepo ni ya mama mtu mzima, Mercedes McCambridge, si ya mtoto Linda Blair. Vaa spika za masikioni, zima taa, kisha uje utucheke.

BiMkubwa_Kuze
Mimi niliiona nina miaka arubaini, watoto wamelala. Chumba cha yule mtoto walikipoza kwa mashine kwelikweli, ndiyo maana pumzi zinatoka moshi. Lakini wanangu, sisi wa Mombasa tutishwe na baridi? Februari hii nipeni chumba kile, nitalala na huyo pepo kitanda kimoja.

Niliyemlilia ni mama wa yule mtoto. Kazunguka kwa madaktari, picha za kichwa, vipimo, hakuna kitu, mwisho madaktari wenyewe ndio wanamtajia kupunga pepo. Huku kwetu ingekuwa shangazi, anakuvuta pembeni, sauti chini: mpelekeni akasomewe. Mimi nimewahi kuvutwa pembeni hivyo, kwa mwanangu wa pili. Ilikuwa kifafa.

MtotoWaMajengo
Shikamoo Bi Mkubwa, pole sana. Sasa ndiyo nimejua kwa nini kiazi hakikupita.

Nimempigia kaka, yuko Doha. Ngazi anazikumbuka zote, hata kanihesabia. Nikamuuliza kwa nini hospitali hakunisimulia. Akasema hospitali gani? Kumbe pale katikati alitoka kununua mabuyu.

Ile ya 2000 nimeshaipata. Namngoja mke arudi.