Kondoo wa nani? Tujadili imani, akili na wachungaji wetu

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana linagawa watu hadi majumbani.

Kila likitokea janga kwenye nyumba ya ibada, pande mbili hujitokeza. Wa kwanza wanasema: "Tuliwaambia, waumini ni kondoo, wakiambiwa rukeni wanaruka." Wa pili, ambao mara nyingi ndio wameshika kipaza sauti madhabahuni, wanajibu: "Naam, sisi ni kondoo, na kondoo hamhoji mchungaji." Mimi ni muumini, nasali kila Jumapili, na nasema pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba ukiwa kondoo lazima uzime akili. Maandiko hayafundishi hivyo, na anayetaka kunipinga anipinge kwa maandiko au kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

Nianze na wanaotuita wajinga. Aprili 2023 polisi wa Kenya walipoanza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, idadi ya miili ilipanda hadi kupita 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa kuwaagiza wafunge kula hadi kufa, anakana mashtaka, na hilo ni la mahakama. Mimi natazama njia iliyowafikisha watu pale. Hawakuamka asubuhi moja wakaambiwa wafe njaa. Kwa miaka kadhaa kabla walikuwa wakifundishwa kwamba shule ni za shetani, hospitali si za watu wa Mungu, na namba ya utambulisho ya serikali ina alama ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Angalieni kila fundisho linafanya nini: linamwondoa mtu ambaye muumini angeweza kumwendea na swali. Mwalimu wa mtoto ameondoka. Daktari ameondoka. Chifu ameondoka. Ndugu asiyesali kanisa lile naye ameondoka. Mwaka 2019 kanisa la Mackenzie la Malindi likafungwa, watu wakauza mali wakahamia porini, na huko ilibaki sauti moja tu. Miongoni mwao walikuwemo waliosoma. Elimu itamsaidia nini mtu asiye na wa kushauriana naye?

Kanungu, Uganda, mambo yalikwenda hivyo hivyo. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa. Waumini wa kundi lile walizuiwa kuzungumza ovyo, wakawa wanawasiliana kwa ishara, kwa hoja kwamba ukinyamaza huwezi kuvunja amri ya kutoshuhudia uongo. Hebu tafakarini hapo. Mtu anayenyimwa hata kusema "mbona?" kwa jirani aliyekaa naye benchi moja, tunamwita mjinga kwa msingi gani? Na mmoja wa viongozi wao alikuwa padri aliyesoma hadi Marekani. Hili la shahada nitalirudia.

Sasa niwaeleze la nyumbani. Shangazi yangu ana presha ya siku nyingi. Kanisa alilohamia, ambalo silitaji, lilikuwa likifundisha kwamba anayemeza dawa baada ya kuombewa anamwambia Mungu ameshindwa. Watu waliitwa mbele kutoa ushuhuda wa kutupa vidonge, na wenzao wakapiga makofi. Shangazi hakutupa vyake. Alivificha ndani ya kopo la unga, chini kabisa, kwenye mfuko wa nailoni, akawa anameza usiku wakati binti yake, aliyekuwa kwenye kwaya, amelala. Baadaye akaona aibu, akaacha kabisa. Alipopooza mkono wa kushoto ndipo tulipolikuta lile kopo, karatasi za vidonge zimeishia katikati. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu: "Mwanangu, nilijua dawa inanisaidia. Niliogopa kuonekana sina imani."

Nisomeeni tena jibu hilo, nyinyi mnaosema waumini hawafikiri. Alifikiri, na alifikiri sawasawa. Alichokosa ni mahali pa kusema alichokifikiri bila kuhesabiwa kuwa msaliti.

Nije kwa upande wa pili, wa wachungaji wasiotaka kuulizwa. Mstari wao wa kinga ni ule wa Zaburi ya 105, wa kutowagusa masihi wa Bwana, yaani wapakwa mafuta wake. Nimeusikia kwa sadaka isiyojulikana ilikokwenda, nimeusikia kwa kiwanja cha kanisa kilichoandikishwa kwa jina la mtu binafsi. Fungueni zaburi yenyewe. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga taifa hata taifa, na wanaoonywa ni wafalme. Yaani mwenye nguvu anaambiwa asimguse asiye na nguvu. Leo mwenye gari la msafara anautumia kumnyamazisha mama anayeuza mchicha.

Tena mpakwa mafuta mkubwa kuliko wote katika simulizi hizo, Daudi, aliulizwa. Baada ya kumchukua mke wa Uria na kusababisha Uria auawe, nabii Nathani alimwendea na hadithi ya maskini aliyekuwa na kondoo jike mdogo mmoja tu, akamlea pamoja na wanawe, akala chakula chake na kunywea kikombe chake, mpaka tajiri mwenye makundi akamnyang'anya ili amchinjie mgeni. Daudi akawaka hasira. Nathani akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mfalme aliyepakwa mafuta aliambiwa usoni, akakubali kosa. Kama Daudi aliambiwa, wa kwetu ni nani asiambiwe?

Na kondoo wa Biblia si wa kuburutwa. Katika Yohana 10 kondoo wanaijua sauti ya mchungaji wao, na mgeni hawamfuati, wanamkimbia. Kwa hiyo kazi ya kupambanua sauti amepewa kondoo mwenyewe. Katika Ezekieli 34 wanaohukumiwa ni wachungaji: wanajilisha wenyewe, wanavaa manyoya, wanachinja walionona, na wagonjwa hawawagangi. Watu wa Beroya katika Matendo 17 walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Paulo! Huyu wa kwetu aliyejipa utume juzi anakasirika akiombwa mstari.

(Hata mnyama mwenyewe tunamwonea. Mwaka 2001 watafiti wa Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura 50 za kondoo wenzake kwa miaka miwili.)

Ndugu zetu Waislamu wasikae pembeni ya mjadala huu, maana mfano wa uchungaji wanao. Mtume alisema kila mmoja wenu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa kuhusu alichokichunga. Hapo hakuna aliyebaki mchungwa mtupu. Sura ya 17 ya Qurani, aya ya 36, inakataza kufuata usiyo na ujuzi nayo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mombasa, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah akiwahimiza Waislamu wa pwani waelimike na waache kufuata mambo kwa mazoea. Sheikh Abdullah Saleh Farsy naye akaitafsiri Qurani kwa Kiswahili, ikatoka kamili mwaka 1969, ili muumini wa kawaida aone mwenyewe kilichoandikwa. Hawa walikuwa masheikh, na sijui atakayesema imani yao ilikuwa haba.

Najua pingamizi zito linalokuja, na naliheshimu. Mtasema: kila mtu akijifikiria mwenyewe, kila mtu atakuwa na dini yake. Tena mtaongeza kwamba hao manabii wa kujitangaza ndio waliojifikiria wenyewe. Walitoka kwenye makanisa yenye maaskofu na sinodi wakaenda kufungua lao. Hapo mmesema kweli. Sitetei kila mtu awe papa wake. Kumfuata mwanachuoni anayekuonyesha dalili yake, yaani ushahidi wa maandiko, au askofu anayewajibika kwa halmashauri, ni jambo la busara, kama ambavyo sijipasui mwenyewe nikiumwa kidole tumbo. Ninachokataa ni mtu mmoja kuwa msemaji, mwamuzi, mweka hazina na hakimu wa rufaa dhidi yake mwenyewe.

Ndiyo maana sishawishiki sana na dawa ya shahada. Rwanda mwaka 2018 ilifunga maelfu ya makanisa, ikitaja majengo yasiyo salama, na kutunga sheria ya kuwataka wahubiri wawe na shahada ya theolojia. Usalama wa majengo ni sawa, sina ugomvi nao. Tuliona mjini Moshi, Tanzania, Februari 2020, watu 20 wakifa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako, na pale tatizo la kwanza lilikuwa umati na njia za kutokea. Lakini shahada haikumzuia yule padri wa Kanungu. Kilichokosekana kule, na Shakahola, na kanisani kwa shangazi, ni mtu wa ndani mwenye haki ya kusema "hapana, mchungaji" na akabaki muumini siku inayofuata.

Mimi ningependa sheria ya usajili iulize mambo matatu: hesabu za sadaka zinasomwa kwa waumini au hazisomwi, mali iko kwa jina la nani, na kuna chombo gani chenye uwezo wa kumsimamisha kiongozi. Na anayemzuia mgonjwa, hasa mtoto, asipelekwe hospitali, hilo lisiitwe suala la imani, liitwe kosa la jinai. Wapo watakaosema hapo nimeikaribisha serikali madhabahuni. Waje na hoja, nipo.

Kabla hamjanijibu, kila mmoja aanze na kanisa au msikiti wake: kiongozi wenu akikosea, nani anaweza kumwondoa, na kwa utaratibu gani? Andikeni, hata kama jibu ni "hakuna".