Spika janja ndogo ya mama: Echo Dot au Nest Mini?

BintiTudor
Assalam aleikum jamaa, naomba ushauri. Nataka kumnunulia mamangu spika janja ndogo ya sebuleni, zile za kuamrishwa kwa sauti, fleti yetu hapa Tudor si kubwa. Macho yake yamepungua nguvu, simu yamsumbua, kutwa aita mtu amuwekee Quran, mara redio, mara sasa saa ngapi, na mie mchana niko kazini. Waifai tunayo. Naangalia Echo Dot ya Amazon ile ya 2022 au Nest Mini ya Google. Kizungu chake kidogo sana. Ipi?

FundiKisauni
Waleikum salam dada. Lugha kwanza: Alexa, yaani ile sauti ya kwenye Echo inayojibu, haijui Kiswahili, na Google ya kwenye spika vilevile, kwa hivo yoyote utakayochukua itabidi mama ashike maneno machache ya Kizungu. Lakini kwa mtu wa macho dhaifu mie nachagua Echo Dot bila kufikiri mara mbili, sababu ina vifungo vya kubonyeza pale juu, akipapasa kwa kidole avihisi, hiki cha kuongeza sauti hiki cha kupunguza. Nest Mini juu yote ni kitambaa, wagusa ubavuni kulia au kushoto na hakuna kitu cha kushika, lazima ukariri.

MzeeWaBamburi
HomePod mini ya Apple usiiangalie kama hakuna iPhone wala iPad nyumbani, huwezi kuitayarisha mara ya kwanza bila mojawapo.
Na spika yoyote utakayonunua usiiweke chini ya pangaboi. Upepo ukipiga pale juu haikusikii vizuri, utaishia kupiga makelele sebule nzima.

BintiTudor
Shukran sana, la vifungo sikuwa nimelifikiria kabisa. Na redio yashika FM? Stima ikikatika je?

FundiKisauni
FM haina. Redio yavuta kwa intaneti, kwa hivo kabla hujalipa tafuta stesheni anayoipenda mama kwenye TuneIn, ile programu ya redio za intaneti, kwa simu yako, kama iko huko kwa kawaida utaipata na kwa Alexa. Betri pia haina, stima ikenda imekwenda.

UmmuRayyan_001
Dada ukinunua ya mtumba mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, usikubali kuambiwa ntaitoa nikifika nyumbani, ikibaki kwa jina lake wewe hutaisajili. Na zile zatoka Marekani pini zake ni bapa mbili. Soma maandishi madogo kwenye chaja, ikiandikwa 100-240V nunua adapta tu ya pini tatu, ikiandikwa 120V peke yake usithubutu kuichomeka.
Na mama wageni wakija mfunze kile kifungo cha maikrofoni, akikibonya taa yawa nyekundu, hapo haisikilizi mtu.

FundiKisauni
Nimekumbuka na hili ndilo kubwa kwako. Kwenye programu ya Alexa kuna sehemu ya Routines, wapanga saa na kitu cha kucheza, basi. Weka redio ianze yenyewe baada ya alfajiri, Quran saa ya adhuhuri, sauti uiweke ya wastani. Mama hasemi neno lolote la Kizungu, akichoka yuwaigonga tu pale juu kwa kidole.

BintiTudor
Wallahi hapo umenimaliza, Echo Dot basi. Jumamosi naenda mjini kuiangalia, stesheni yake nishaipata TuneIn sasa hivi.