Laptop za mtumba: programu za kufuatilia zinarudi hata baada ya kupiga Windows upya

OfisiYaSakina (Arusha)

Habari zenu wakuu,

Ofisini kwetu, kampuni ndogo ya utalii huku Sakina, kuna laptop mbili za mtumba: HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470. Zote Windows 10 Pro.

Ya HP, ukifungua Chrome unaletewa ukurasa wa kutafutia usioujua, na chini ya menyu ya vidoti vitatu kumeandikwa kwamba brauza inasimamiwa na shirika lako. Shirika lipi, na mashine ni yetu? Kuna ekstensheni ya "PDF" ambayo haina kitufe cha kuiondoa.

Ya Dell brauza iko sawa, ila kwenye Task Manager kuna rpcnet.exe. Fundi kapiga Windows upya na bado imerudi.

Humo zinapita nakala za pasipoti za wageni na barua pepe za malipo. Hiki ni kirusi au kuna mtu anatuchungulia? Na inatolewaje isirudi? Antivirasi imeskani ikasema safi.

---

kebo_na_nati (Moshi)

Hizo ni shida mbili zisizohusiana. Anza na HP.

Antivirasi kusema safi si ajabu. Programu ya namna hii huja ndani ya kisakinishi cha kitu kingine, kigeuza PDF au kicheza video cha bure, na kuna mahali mtu alibofya "Nakubali". Kwa kuwa kuna kukubali, antivirasi nyingi hazihesabu kuwa ni kirusi mpaka uziambie. Kwa Defender (antivirasi ya Windows yenyewe), fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

`Set-MpPreference -PUAProtection Enabled`

Ukiwa hapo hapo angalia na hii:

`Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath`

Mashine yenye Office au Windows ya kukreki mara nyingi huwa na folda zilizowekwa kando ili Defender isiziguse, kwa sababu kikreki kingekamatwa. Ukiona `C:\` nzima imo, basi Defender ilikuwa inakaa tu mlangoni. Toa kwa `Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"`.

Sasa Chrome. Andika `chrome://policy` kwenye sehemu ya anwani. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, hapo ndipo ekstensheni yako ilipofungwa pingu. Sera hiyo ni ya makampuni, wanaitumia kulazimisha ekstensheni kwenye mashine za wafanyakazi, na hawa jamaa wameiazima. Inakaa kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo, nje ya Chrome), ndiyo maana kufuta Chrome na kuiweka upya hakusaidii kitu.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Zima intaneti. Zima na usawazishaji wa akaunti ya Google ndani ya Chrome.
2. Fungua `taskschd.msc`. Tafuta kazi inayoita PowerShell, wscript, au faili lililo ndani ya AppData au ProgramData, hasa ile inayowaka kila mtu anapoingia au kila baada ya saa kadhaa. Bofya mara mbili, nenda kwenye Actions, nakili njia ya faili, kisha izime kazi. Usiifute kwanza, unaweza kuihitaji kama ushahidi.
3. Fungua `appwiz.cpl`, panga kwa tarehe, ondoa vilivyoingia siku moja na shida.
4. Futa sera, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

`reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f`
`reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f`

Moja ikisema haijapata ufunguo, sawa tu. Kwa Edge ni `Policies\Microsoft\Edge`.

5. Zima uwashe, rudi `chrome://policy`. Ikiwa tupu, ekstensheni sasa itakubali kuondoka.

Wengi huanza na hatua ya 4. Sera inafutika, wanashangilia, halafu ile kazi ya hatua ya 2 inaiandika upya usiku.

Ukimaliza, washa intaneti upitishe AdwCleaner kuokota mabaki. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa.

---

bwana_flashi (Arusha)

Mnamchosha dada wa watu. Chomeka flashi, futa kila kitu, piga Windows, saa moja kazi imeisha.

---

Mzee wa Seva (Arusha)

@bwana_flashi kupiga upya ni sawa, swali ni flashi gani. Zile flashi zinazozunguka mjini zina Windows ambayo mtu amekwishaichezea: kikreki kimo, programu ya kuingia kwa mbali imo na nenosiri la kudumu, na ile pakiti ya drava (programu za kuendesha vifaa vya mashine) inayoweka kila kitu kwa mbofyo mmoja, nayo inakuja na brauza na "visafishaji" ambavyo hukuomba. Unapiga Windows upya na unairudisha shida kwa mkono wako mwenyewe.

Na kwa HP hiyo kikreki hakina hata kazi. 840 G3 nyingi zina ufunguo wa Windows Pro ndani ya BIOS (programu ya kuwashia mashine, inakaa kwenye chipu ya madabodi). Angalia kwa PowerShell:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ikitoa herufi 25, chukua flashi ya GB 8 au zaidi, tengeneza kisakinishi kwa zana ya Microsoft yenyewe (inakula bando la GB kadhaa, fanyia mahali penye WiFi), na ukifika pa kuchagua diski futa vipande vyote mpaka ibaki nafasi tupu moja. Ukiweka toleo lile lile la Pro, Windows itajiwasha yenyewe ikipata intaneti.

Mtego mwingine ni akaunti ya Google. Ekstensheni ambayo haikulazimishwa kwa sera imehifadhiwa kwenye akaunti. Unaingia kwenye Chrome mpya na ndani ya dakika imeshashuka. Kabla ya kuingia, nenda `chrome.google.com/sync` kwenye mashine nyingine na ufute data iliyohifadhiwa huko. Alamisho na manenosiri yaliyoko huko nayo yatafutika, kwa hiyo yatoe kwanza.

Kuhusu 840 G3 kuna jambo la pekee. Mwezi Mei 2017 watafiti wa modzero wa Uswisi walionyesha kwamba drava ya sauti ya Conexant kwenye modeli kadhaa za HP, hii ikiwemo, ilikuwa inarekodi kila kitufe unachobonyeza. Ilikuwa ni kipande cha majaribio cha watengenezaji kilichosahaulika ndani, na HP walitoa marekebisho. Lakini drava za zamani bado ziko kwenye flashi za mafundi. Angalia kama kuna:

`C:\Windows\System32\MicTray64.exe`
`C:\Users\Public\MicTray.log`

Lile la pili likiwa na maandishi ndani, kila nenosiri lililochapwa tangu mtu aingie mara ya mwisho limo, na mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kulisoma. Linaandikwa upya kila unapoingia, ila nakala za akiba huwa zimelibeba. Weka drava ya sauti kutoka HP au Windows Update, kisha futa log. Ukifuta MicTray64.exe bila kubadili drava, vitufe vya sauti vinaweza kugoma.

---

OfisiYaSakina

Asanteni sana. Majibu ya HP: ExclusionPath inatoa `C:\`. Kwenye Task Scheduler kuna kazi yenye jina la "Updater" inayoita PowerShell na faili ndani ya AppData\Roaming. MicTray64.exe ipo, log ipo ila ina ukubwa wa KB 0. Ufunguo wa BIOS umetoka.

Na Dell je?

---

kebo_na_nati

`C:\` nzima pamoja na hiyo Updater: usisafishe tena, piga upya kama Mzee alivyoeleza. Hujui kingine kilichopita mlango ukiwa wazi. Log ya KB 0 inaonyesha drava yako haiandiki kwenye faili kwa sasa, badili drava tu na usiwaze.

Dell: rpcnet.exe ni Computrace, ya kampuni ya Absolute. Si kirusi. Ni kifuatilia mashine iliyoibiwa, makampuni ya nje huinunua kwa ajili ya laptop za wafanyakazi. Sehemu yake inakaa ndani ya chipu ya BIOS kwenye madabodi, na kila Windows inapowaka inaangalia kama faili zake zipo. Hazipo, inaziweka. Kwa hiyo fundi wako hana kosa, hata SSD mpya haibadilishi kitu.

Zima, washa huku ukibonyeza F2, nenda Security, kisha Computrace. Kama ni Deactivate, haijawashwa, na rpcnet ni mabaki ambayo upigaji safi utayaondoa. Kama ni Activate na huwezi kuibadilisha, imefungwa, na anayeweza kuifungua ni Absolute kwa ombi la kampuni iliyoisajili.

---

OfisiYaSakina

Imeandika Activate, imefifia, haibofyeki.

---

Mzee wa Seva

Basi kuna njia mbili tu za halali. Rudi dukani na risiti ya EFD udai ibadilishwe au iachiliwe. Muuzaji anayeagiza kwa jumla ana karatasi za kule alikonunua, na mara nyingi kampuni ya kwanza iliuza mashine ikasahau kuitoa kwenye orodha. Au wasiliana na Absolute wewe mwenyewe ukiwa na namba ya huduma iliyo chini ya mashine (herufi 7) na picha ya risiti.

Mtaani utaambiwa uandike anwani zao kwenye faili la hosts ili mashine isiwasiliane nao, au umpe fundi aandike BIOS upya (a-flash). Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujajua historia ya mashine. Ikiwa iliibiwa, utaonekana mtu anayeficha mali ya wizi. Na BIOS ikiflashiwa kwenye laptop ya betri mbovu, umeme ukikatika katikati umebaki na bati.

Mpaka hapo, pasipoti za wageni zisiingie kwenye hiyo Dell. Aliyeshika akaunti ya Absolute, akitaka, anaweza kuifunga au kuifuta mashine kwa mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakubana wewe unayetunza taarifa za wageni, si muuza laptop.

---

kebo_na_nati

Manenosiri: badilisha yote, ila kwenye simu au mashine nyingine, na baada ya HP kuwa safi. Kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana vidakuzi (faili ndogo za brauza zinazokumbuka kwamba umeshaingia) vilivyoibwa vinaweza kuendelea kufungua barua bila nenosiri. Kwenye Gmail fungua mipangilio uangalie Filters na Forwarding. Ofisi za utalii hupigwa hapo: barua za mgeni zinapelekwa kwa mtu mwingine kimya kimya, halafu siku ya malipo mgeni anapokea ankara yenye akaunti ya benki siyo yako.

---

OfisiYaSakina

Swali la mwisho. Kwenye HP kuna folda za miaka mitatu za ankara. Nikizinakili kwenye diski ya nje si nitabeba na uchafu?

---

Mzee wa Seva

Beba pdf, jpg, docx na xlsx. Acha exe, msi, bat, lnk, na Office zenye makro (docm, xlsm). Usibebe AppData wala folda nzima ya Chrome, alamisho zitoe peke yake kwa faili la HTML. Folda ya Public iache, MicTray.log inakaa humo. Ukishapiga Windows, iache ipate masasisho yote kwanza, ndipo uchomeke diski na kuiskani kabla ya kufungua chochote. Pia Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya 840 G3 haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo jiandikishe kwenye mpango wa ESU (masasisho ya usalama ya nyongeza ya Windows 10), kama bado uko wazi, siku hiyo hiyo.