Naomba ushauri: pakeji zijengwe upya pale tu chanzo kinapobadilika

Mtunza18: Salaam wakuu. Nipo Nkuhungu, Dodoma, natunza kompyuta 18 za Debian (mfumo endeshi wa Linux) kwenye kituo cha mafunzo. Programu tatu tunazitengenezea pakeji (faili za kusakinishia) wenyewe kutoka Git, kunakotunzwa chanzo (msimbo) chake, maana tunazitia Kiswahili. Kila saa 8 usiku cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, inashusha chanzo chote na kujenga zote tatu, hata kama huko zinakotoka hakuna aliyegusa mstari. Namba ya toleo ina tarehe ya siku hiyo, basi kila asubuhi kompyuta zote zinaona kuna jipya. Bando halifiki tarehe 20. Jumatatu ndiyo iliyoniumiza: pakeji ilijengwa vizuri usiku, kompyuta zikaichukua, asubuhi wanafunzi wamekaa kwa mtihani wa vitendo, programu inafunguka na kujifunga. Nianzie wapi?

KisasaDom: Pole sana kaka. Usishushe chanzo ili kujua kama kimebadilika. Tumia `git ls-remote` ukitaja na tawi unalofuata, inaleta alama ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho tu, herufi na tarakimu 40. Itunze kwenye faili, kesho yake linganisha. Zikifanana, skripti iishie hapo hapo. Ila alama mpya iandike baada ya pakeji kukamilika, kamwe si kabla. Mimi umeme ulikatika katikati ya kujenga. Uliporudi, skripti ikakuta alama imeshaandikwa, ikapita. Wiki mbili nilikuwa na toleo la zamani nikidhani ni jipya.

BintiMakulu: Kwenye namba ya toleo weka tarehe ya komiti, si tarehe ya kujenga. Chanzo kisipobadilika, namba haibadiliki, na apt, kisakinishi cha Debian, inatulia. Kama kuna programu inayotolewa kwa matoleo rasmi, uscan inatosha: inasoma faili la `debian/watch` na kukuambia kama kuna toleo jipya.

Mtunza18: Asante dada. Na lile la mtihani?

BintiMakulu: Kujenga na kusambaza ni kazi mbili, zitenganishe. Ijengwe yenyewe, iende kwenye ripo (ghala la pakeji) ya majaribio, kompyuta moja iitumie siku mbili tatu, ndipo uiruhusu kwa mkono. Kumbuka xz, programu ya kubana faili, Machi 2024. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri, na sehemu ya kuuamsha ilikuwa kwenye kifurushi cha chanzo kilichotolewa rasmi, haikuwemo kwenye Git. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kuona ssh, njia ya kuingia kompyuta ukiwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde. Debian ya majaribio ilishayapokea, ile imara ilikuwa bado. Huo muda wa kusubiri ndio uliowaokoa wengi.

Mtunza18: Mrejesho wakuu. Usiku wa jana mbili hazikubadilika, skripti ikaziacha. Moja imejengwa, na imeingia kwenye kompyuta ya dirishani peke yake. Nimebandika karatasi juu yake: "Ikijifunga, niite." Hadi saa 6 mchana hakuna aliyeniita.