"Borrow", "lend" na "loan": mbona "niazime" inatuponza?

Mzazi_Umoja: Wadau, mtoto wa gredi ya saba ameandika "Can you borrow me your ruler?" ikakatwa. Kwa Kiswahili "niazime rula" ni sawa, na "nimeazima rula kwa Achieng" ni sawa pia. Kosa liko wapi? Na "loan" je?

Mwl_Sarufi: Kosa limetoka humo humo kwenye "azima". Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima. Ni viambishi na "kwa" vinavyotuambia nani ni nani. Kiingereza kimegawa kazi: "lend" ni ya mwenye kitu, "borrow" ni ya mwenye shida.

"Lend" hubeba kitondo (anayepewa) kisha kipozi (kitu kinachotolewa): "lend me your ruler". Kipozi kikitangulia ndipo "to" huingia: "lend your ruler to Achieng". Ile "lend to me your ruler" tunayoisikia kila siku nayo imeharibika. "Borrow" haina nafasi ya kitondo, hutaja kitu, kisha "from" na mwenyewe.

Jaribio: weka "give" mahali pa kitenzi. Ikikaa, andika "lend". Ikikaa "take", andika "borrow".

kamusi_hai: Mimi ningeanzia "kopa" na "kopesha", maana hapo hakuna utata. Wewe unakopa, Fuliza, ile huduma ya mkopo ya M-Pesa, inakukopesha. Nani husema "nikope mia mbili"? Ila tahadhari: sisi huazima kitu tutakachokirudisha chenyewe, na hukopa kile tutakacholipa kingine. Kiingereza hakijali, rula na shilingi zote ni "borrow".

Wakati uliopita ni "lent", si "lended". Na katika kutendwa, "I was lent a ruler" inafaa. "I was borrowed" maana yake wewe ndiwe uliyeazimwa!

Mwl_Sarufi: "Loan" kwanza ni nomino, mkopo. Ikiwa kitenzi ina maana ya "lend", kamwe si "borrow". Wamarekani huitumia hivyo bila wasiwasi, lakini kwenye mtihani wa hapa "lend" ni salama zaidi. Katika nahau kama "lend a hand", "loan" haiingii.

Mzazi_Umoja: Asanteni. Sasa akitaka mwenzake amwendee kwa Achieng?

kamusi_hai: Hiyo ni kauli ya kutendea, "niazimie rula kwa Achieng". Hapo "borrow" inarudi kihalali: "Borrow a ruler for me from Achieng." Angalia "for me" imekaa baada ya rula. Wengi huandika "borrow for me a ruler", na hilo nalo litakatwa.