Inhela imeacha kunisaidia: je, vipokezi vya mwili huchoka? Naomba ushauri

Kifua_Kizito: Wanajukwaa, habari zenu. Nina pumu tangu utotoni, na miaka yote hiyo inhela ya salbutamol imekuwa ikinifungua kifua baada ya dakika 5 hivi. Siku hizi navuta, nasubiri, navuta tena, na kifua kinabaki kimebana vilevile. Nimesoma kwamba dawa hii hushika vipokezi vilivyo kwenye mirija ya hewa, na kwamba vipokezi huweza kuchoka. Naomba mnieleze vipokezi ni kitu gani hasa, na kama kweli vinachoka, kwa sababu nimeshakusudia kuongeza idadi ya mivuto kuliko kwenda kupanga foleni hospitali.

Mwalimu_Mstaafu: Swali zuri sana. Kipokezi ni protini ambayo mara nyingi imepenya utando wa seli, sehemu yake moja ikichungulia nje na nyingine ikiwa ndani. Homoni au dawa yenye umbo linalooana nayo ikijishikiza upande wa nje, protini hujikunja kwa namna mpya, na mkunjo huo ndio habari inayofika ndani, hata kama dawa yenyewe haikuingia. Mwaka 1905 Mwingereza John Langley alionyesha kwamba msuli uliokatwa neva zake bado ulijikaza ulipowekewa nikotini, na kwamba sumu ya kurare iliuzuia usijikaze. Akahitimisha kuwa kwenye msuli wenyewe kuna kitu kinachopokea. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist akapendekeza kuwa vipokezi vya adrenalini vipo vya aina mbili, alfa na beta.

Shangazi_Mkali: Mwalimu, mwenzetu anakosa pumzi nawe unamsomesha historia! Na wewe mwenye uzi, foleni ya hospitali haijawahi kumuua mtu kama uvivu ulivyoua. Vijana mnataka kutibiwa na simu.

Pua_Wazi: Vinachoka kweli. Shemeji yangu alitumia matone ya kuzibua pua mfululizo hadi ikafika mahali pua inaziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu. Hayo hushika vipokezi vya alfa kwenye mishipa ya damu ya pua. Sasa hata mlio wa mlango akiusikia, anasema ni pua yake.

Mfamasia_wa_Zamu: Ndugu Kifua_Kizito, vipokezi vya beta 2, yaani vile vya mirija ya hewa ambavyo salbutamol hushika, vikisisimuliwa mno, seli huvivuta ndani kutoka kwenye utando, vikapungua. Hata hivyo, kwa kawaida upungufu huo hauifanyi inhela ikose nguvu kabisa, kwa sababu kila kipokezi kimoja kinachoamshwa huamsha protini za G nyingi (wapitisha ujumbe ndani ya seli), nazo huamsha vimeng'enya vinavyozalisha ujumbe maradufu hadi misuli ya mirija ilegee. Kwa hiyo nakuuliza moja kwa moja: kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?

Kifua_Kizito: Hakuna dawa ya maana. Nina inhela ya kuzuia pia, ila niliiacha kwa kuwa haikunisaidia papo hapo.

Mfamasia_wa_Zamu: Hiyo haikuumbwa kusaidia papo hapo. Steroidi iliyomo hupita utando na kukutana na kipokezi chake ndani ya seli, kisha wote wawili huingia kwenye kiini na kubadili jeni zipi zisomwe, kazi inayochukua saa na siku. Lakini umesema hakuna dawa "ya maana". Ipi isiyo ya maana?

Kifua_Kizito: Ni vidonge vidogo tu alivyonipa mwenzangu wa kazini, vinaitwa propranolol. Nikisimama mbele ya watu moyo hunidunda na mikono kutetemeka, navyo vinanituliza vizuri sana. Ni vya moyo, havihusiani na kifua.

Mfamasia_wa_Zamu: Vinahusiana. James Black na wenzake waliitengeneza propranolol miaka ya 1960 ili izuie vipokezi vya beta, na mwaka 1988 Black akapata Tuzo ya Nobel. Tatizo ni kwamba haichagui: inaziba beta 1 za moyo na beta 2 za mirija ya hewa pamoja. Ni kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Ufunguo halali ukija, haupiti. Mwenye pumu hapaswi kuimeza.

Sikubali_Haraka: Samahani, hadithi hii ni ya kutungwa. Mtu mwenye pumu tangu utotoni, anayeandika "vipokezi ni kitu gani hasa", kisha anatoa vidonge mfukoni hatua kwa hatua kama mchawi wa jukwaani? Hili ni swali la mtihani wa famasia, na mnamfanyia kazi yake ya nyumbani.

Pua_Wazi: Hata mimi nilianza kunusa kitu. Na pua yangu haijaziba.

Kifua_Kizito: Ningekuwa natunga, ningejitungia ugonjwa wa heshima. Nilificha kwa sababu nilijua mtanigombeza. Nitapunguza tu: nusu kidonge siku za vikao, na inhela mkononi.

Mfamasia_wa_Zamu: Iwe ya mtihani au ya kweli, jibu halibadiliki. Nusu kidonge kinaweza kutosha kukufunga mirija, na inhela unayoitegemea inagombania vipokezi vilevile. Ipo ipratropiamu, dawa nyingine ya kufungua mirija, ambayo hupitia vipokezi vingine, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Je, unavimeza siku za vikao tu?

Kifua_Kizito: Karibu kila siku ya kazi.

Mfamasia_wa_Zamu: Basi usijiamulie hata namna ya kuacha. Vikizibwa kwa muda, vipokezi huongezeka kwenye seli, na dawa ikiondoka ghafla moyo hukutana na adrenalini ukiwa na vipokezi vingi kuliko kawaida. Umemeza cha mwisho lini?

Kifua_Kizito: Asubuhi hii, kabla ya kufungua uzi.

Mfamasia_wa_Zamu: Na kifua bado kimebana? Nenda idara ya dharura sasa hivi, uandamane na mtu, ubebe pakiti zote na uwatajie propranolol kabla ya jambo lingine lolote.

Sikubali_Haraka: Kama ni kweli, nenda. Kama ni mtihani, umefaulu.

Kifua_Kizito: Kaka yangu ananipeleka. Pakiti ninazo, ingawa kuhusu nusu kidonge bado nitamuuliza daktari mwenyewe.