Acheni kufuta kazi za watu kwa kisingizio cha "toleo jipya zaidi"

Wakuu, uzi huu ni wa watengenezaji wa programu za kusawazisha nyaraka (sync, yaani kuweka faili lilelile kwenye vifaa vyote), pamoja na maafisa TEHAMA wanaozifunga maofisini bila kuzijaribu. Kuna uzembe umezoeleka mpaka watu wanauona wa kawaida. Faili likibadilishwa kwenye simu na kwenye laptopu kabla havijawasiliana, programu inaangalia saa, inabakiza lililohifadhiwa mwisho na kulitupa jingine. Hakuna onyo wala nakala. Kesho yake mtu analifungua, analiona liko vizuri, kumbe nusu ya kazi haimo.

Chukua daftari la kikoba lililo kwenye Excel. Saa 4 asubuhi simu na laptopu zina toleo moja. Saa 8 mchana mhazini anaandika marejesho kwenye mstari wa 12, simu yake haina bando. Saa 9 katibu anaingiza mkopo mpya mstari wa 30 kwenye laptopu iliyo mtandaoni. Jioni simu inapata mtandao. La katibu ndilo la mwisho, kwa hiyo mstari wa 12 unarudi ulivyokuwa asubuhi. Fomula hazina kosa, jumla inajumlisha, hakuna wa kushtuka mpaka siku ya mgao. Hapo mhazini ndiye atakayeitwa mwizi.

Na saa yenyewe mnayoitegemea haiaminiki! Kompyuta ya mezani ikifa ile betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Faili linalohifadhiwa hapo linapigwa tarehe hiyo ya kale. Tena tarehe ikiwa mbovu, vyeti vya HTTPS (uthibitisho wa seva) vinakataliwa, programu haiunganishwi na seva, mabadiliko yanalundikana ndani. Siku saa ikirekebishwa mawasiliano yanarudi, programu inaona lililoko kwenye seva ndilo jipya, inalishusha. Kazi ya leo inafunikwa na ya mwezi uliopita, na aliyeifanya hajakosea popote.

Msituambie ni jambo gumu. Njia ya kugundua mgongano bila kuangalia saa imechapishwa tangu 1983. Kila kifaa kinakuwa na kihesabio chake kwenye rekodi ya faili: simu 3, laptopu 5. Simu ikibadilisha, rekodi yake inasoma 4 na 5. Laptopu ikibadilisha bila kujua, yake inasoma 3 na 6. Zikikutana, kila moja imeizidi nyenzake upande mmoja, na huo ndio mgongano. Kama seva yako ni ya HTTP, huhitaji hata hayo: toa ETag (alama ya toleo) faili linaposomwa, dai If-Match (mwandishi arudishe alama aliyopewa) linapoandikwa, na kama limeshabadilika kataa kwa jibu 412, yaani sharti halikutimia. Simu ikipata 412 inajua ilikuwa inataka kufunika kazi ya mtu. Ni mistari michache ya kodi, lakini wengi mmeacha PUT tupu, amri ya kuandika isiyo na sharti lolote.

Ukishagundua, bakiza mafaili yote mawili. Syncthing inafanya hivyo: lililoshindwa linapewa jina lenye "sync-conflict", tarehe, saa na herufi za kifaa, kisha linasambazwa kama faili jingine lolote. Dropbox nayo hutengeneza nakala ya pili. Na hapa watumiaji nao wana lawama yao. Hizo nakala si uchafu wa kufagia ili folda ipendeze, moja wapo ndiyo yenye ule mstari wa 12.

Kuunganisha kunataka matoleo matatu: lako, la mwenzako, na la asili mlikoanzia wote. Bila la asili, aya iliyopo upande mmoja tu huwezi kujua kama huku imeongezwa au kule imefutwa. Kwa maandishi matupu tumia amri hii ya Git:

git merge-file langu.md asili.md lake.md

Matokeo yanaandikwa juu ya faili la kwanza, kwa hiyo linakili kabla. Penye ubishi utakuta alama <<<<<<< na utamaliza kwa mkono. Word ina Review, Compare, halafu Combine.

Excel amri hiyo haitafaa, maana .xlsx si maandishi matupu, ni zip iliyojaa XML. Weka karatasi zote mbili kwenye kitabu kimoja, moja uite Mhazini, nyingine Katibu. Kwenye karatasi ya tatu, seli A1, andika =Mhazini!A1=Katibu!A1, uivute mpaka mwisho wa jedwali. Kila penye FALSE ndipo mlipotofautiana. Kama mmoja alichomeka mstari katikati, vyote vya chini yake vitasoma FALSE, hivyo panga kwanza karatasi zote mbili kwa namba ya mwanachama, na mstari uliopo upande mmoja tu uachie mstari mtupu upande wa pili.

Hifadhi ya nywila ya .kdbx iunganishe ndani ya KeePassXC kwa Merge From Database, kamwe usichague faili moja na kulifuta jingine. Faili la SQLite (hifadhidata ya .db ambayo programu nyingi hutumia) usiliweke kabisa kwenye folda inayosawazishwa wakati programu yake iko wazi. Mabadiliko ya karibuni yanaweza kuwa bado yamo kwenye faili la pembeni la -wal, na .db ikifika peke yake inafika pungufu au imeharibika.

Na msijifiche nyuma ya historia ya matoleo. Google Drive huweka matoleo ya zamani ya mafaili ya kawaida kwa siku 30 au matoleo 100. Hesabu zinazokaguliwa kila miezi 3 zitakuwa zimeshapitwa, isipokuwa mtu aliingia Manage versions na kuchagua Keep forever mapema.

Jaribuni programu zenu leo, kwa faili la majaribio. Weka vifaa viwili kwenye hali ya ndege, badilisha mstari uleule tofauti kila upande, hifadhi. Washa mtandao wa kifaa cha kwanza, subiri kipandishe, kisha washa wa kifaa cha pili. Rudia tena, safari hii saa ya kifaa kimoja irudishwe nyuma siku 2. Wekeni hapa jina la programu, toleo lake, na mafaili mangapi yalibaki mwishoni. Watengenezaji mliomo humu, jibuni hili moja: seva zenu zinarudisha 412 au hazirudishi?